Aliyefyatua ana jina, na jina lake liko kituoni

Kila ikifika Januari watu wa Pemba tunakumbushana yale ya tarehe 27 mwaka 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF, na kila mwaka lazima nimsikie mtu mzima na akili zake akisema aah yale yalikwisha, si muafaka ulitiwa saini. Mimi nasema hayajesha. Muafaka ule, makubaliano ya Oktoba 2001, ulikuwa wa CCM na CUF, walikaa wakazungumza siasa zao, sawa, joto likapungua, lakini mtu aliyepigwa risasi Micheweni au Wete hakupigwa na chama, kapigwa na mtu aliyeshika bunduki akaelekeza akafyatua, na wa kumpeleka huyo mbele ya jaji hajatokea mpaka leo.

Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliyochunguza mauaji yale ilihesabu waliokufa 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600, watu kama 2,000 wakapanda mashua wakakimbilia Kenya, Shimoni huko. Na askari mmoja nae aliuliwa Micheweni, huyo nae ana mama na ana haki yake, simtoi kwenye hesabu. Nnachouliza mimi ni hao raia, kesi yao ya mauaji iko wapi?

Watu wakisema ushahidi hakuna mie huwa nahamaki khasa, kwa sababu ushahidi upo, tatizo uko mikononi mwa nani. Chukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mtu kapigwa risasi ya paja, damu inatoka, akifika hospitali anaulizwa fomu ya polisi, na fomu ya polisi inatolewa wapi? Kituoni, kwa wenzake yule yule aliyempiga. Mwaka ule majeruhi walijificha majumbani wakafungwa vitambaa na mama zao kwa kuogopa hospitali, maana kwenda hospitali ni sawa na kujisalimisha. Jirani yetu mmoja hadi leo akikaa barazani mguu mmoja anaunyoosha mbele kwa mikono miwili, ndo anauweka hivo, na karatasi hata moja ya kuonesha kuwa ile ni risasi hana. Sasa mtu kama huyo mahakamani ataonesha nini, kovu?

Na si PF3 tu. Bunduki ya polisi haitoki ghalani hivi hivi, inasainiwa, jina la askari, namba ya silaha, risasi ngapi katoka nazo, akirudi zinahesabiwa. Yaani kuna daftari linalojua nani alifyatua siku ile, na daftari lenyewe wanalo wao, maganda ya risasi wanaokota wao, maelezo ya mashahidi wanaandika wao, faili wanalifungua wao na wakitaka wanalikalia. Hata mwendesha mashtaka awe mwema vipi, atashtaki kwa faili gani?

Angalia ya Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliyeuliwa Nyololo kule Iringa tarehe 2 Septemba 2012 kwa bomu la machozi alilopigwa karibu karibu. Ile kesi ilifika mwisho, 2016 askari mmoja kafungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, na kwa nnavoona mimi ilisaidia sana kuwa zilikuwepo picha, waandishi wenzake walipiga na nchi nzima ikaona kazungukwa na askari. Mmoja tu ndo alifungwa. Je Micheweni ya 2001, nani alikuwa na simu ya kamera?

Kwetu kuna na jengine. Polisi ni jambo la Muungano, amri inatoka kwa IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima, lakini mauaji yakitokea Unguja au Pemba mwenye kushtaki ni DPP, mkurugenzi wa mashtaka, wa Zanzibar na mahakama ni zetu. Kwa hiyo ile kusema "hayo ya bara, sisi hatuna mamlaka" mie siikubali, Katiba yetu ya 1984 inampa kila mtu haki ya kuishi, haikuandika isipokuwa anaeuliwa na mwenye sare. Na ile ya "askari katumwa tu" nayo imeshajibiwa zamani, miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 1990 inasema risasi ya kuua ni pale tu ambapo hakuna njia nyengine ya kuokoa roho, na amri ya mkubwa haimkingi askari akijua wazi kuwa si halali. Aliyetoa amri nae aitwe.

Kenya wana IPOA, chombo cha kiraia kinachochunguza polisi, sheria yake ya 2011. Huko bado wanauliwa watu, sisemi ni peponi, ila mwananchi ana mlango wa kupeleka malalamiko ambao si kituo cha polisi. Sisi tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inachunguza inaandika inapendekeza, basi hapo. Nnachotaka ni sheria ya kusema hivi: raia akiuliwa kwa risasi ya polisi, daftari la silaha na maganda yachukuliwe siku hiyo hiyo na watu wasiokuwa polisi, majeruhi atibiwe na daktari aandike alichokiona bila kusubiri fomu ya kituoni, na faili liende moja kwa moja kwa DPP. Wawakilishi mnaokaa Chukwani, mswada huo nani ataupeleka?