Siku ya tatu baada ya kifafa

Mgonjwa wa kifafa akishaamka, akaoga, akaanza kuulizia simu yake, sisi wauguzi hushusha pumzi. Mimi siku hizi hapo ndipo ninapoanza kumwangalia.

Kijana mmoja aliletwa wodini kwetu na mama yake kutoka vijiji vya Mahenge, kwenye usubi, ule ugonjwa wa upofu unaoenezwa na inzi wadogo wa mtoni, ambako kifafa ni kingi hata hakihitaji kuelezwa. Vidonge vya fenobabitoni vilikuwa vimewaishia, akakaa wiki mbili bila dawa, kisha akaanguka mara tano kwa siku moja. Tukamchoma diazepamu, akalala. Kesho yake alikunywa uji vikombe viwili na kututania. Nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri.

Siku ya tatu usiku akaukataa uji, eti tumeutia sumu, na wanaume wa vitanda vya jirani wanamchimbia kaburi.

"Sista, haya majini," mama akasema, mzigo ameshafunga. "Nimpeleke kwa mganga."

"Mama, kama ni majini yatatusubiri. Tumpe dawa kwanza."

Nikamweleza kwamba baada ya degedege za mfululizo mtu anaweza kutulia siku mbili tatu, hata wiki, ndipo akili zinaruka. Kwa wengi hali hiyo hupita.

Mhudumu alikuwa ameshaleta shuka za kumfungia. Mtu anayeweza kuanguka tena wakati wowote, umfunge mikono? Nikakataa. Tukashusha godoro sakafuni, tukatoa stendi ya dripu na chupa ya chai, nikakaa karibu na mlango nikiongea naye polepole. Wengine niliwaomba wasiingie-ingie. Sura mpya zilimtisha. Daktari akaandika haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, badala ya klopromazini, ambayo huweza kuchokoza kifafa, na fenobabitoni tukairudisha.

Baada ya siku tano akaniuliza kwa aibu, "Sista, nilikutukana?"

Alinitukana, tena matusi ya nguoni. Nikamwambia nimesahau. Kisha nikamuuliza lile swali nisilolipenda: umewahi kufikiria kujiua?

Akanyamaza kitambo. "Mara mbili." Nyumbani, akasema, ana sahani yake peke yake, ya plastiki, ya bluu. Hata mdogo wake haigusi, wanaogopa mate yake.

Mama, aliyekuwa anakunja kanga pembeni, akaketi sakafuni.