Nta juu ya kidonda: mionzi kwa saratani ya ngozi

Kwa watu wenye ualbino, kidonda cha sikioni, shingoni au mdomo wa chini kisichopona mara nyingi ni saratani ya seli bapa za ngozi. Kikiwa kidogo, kisu kwanza. Mionzi huitwa pale upasuaji utakapoharibu ukope au pua, mgonjwa asipoiweza operesheni, au kingo za nyama iliyokatwa zikikutwa bado zina seli za saratani. Ualbino wenyewe hauzuii tiba hii.

Kazi ngumu ni kuifikisha mionzi juu. Miale ya kobalti-60 (metali yenye mionzi inayowekwa ndani ya baadhi ya mashine za tiba) hupata nguvu yake kamili kama nusu sentimita chini ya ngozi. Ya mashine ya umeme ya MV 6 (megavolti, kipimo cha nguvu ya miale), sentimita 1.5. Kwa saratani ya kizazi, iliyo ndani ya mwili, hiyo ni neema, maana ngozi inasalimika. Hapa ugonjwa uko kwenye ngozi yenyewe. Ndiyo maana kidonda hufunikwa kwa nta au shashi iliyoloweshwa maji, ili miale ianze kukusanya nguvu kabla ya kuigusa ngozi. Nta ikiacha mwanya wa hewa, dozi ya juu inapungua, na kosa hilo hurudiwa kila siku bila mtu kuliona. Nyuma ya sikio na tundu za pua ndiko linakojificha; zijazwe shashi lowevu.

Njia nyingine ni elektroni, chembe ndogo zisizopenya mbali: za MeV 6 (kipimo cha nishati yake) hutibu kina cha karibu sentimita 2, kisha nguvu yake hushuka haraka. Karibu na jicho, bamba la madini ya risasi la milimita 3 linatosha kuzizuia, lakini lipakwe nta upande unaogusa ukope: elektroni zinazorudi nyuma zikigonga risasi huubabua.

Dozi ya kawaida ni grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 50 kwa vipindi 20, wiki 4, au grei 60 hadi 66 kwa wiki 6 na zaidi. Mgonjwa akishangaa kwamba analala kwenye mashine ya kobalti muda mrefu kuliko aliyetibiwa miaka mitano iliyopita, hajapewa dozi kubwa zaidi: kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kwa takriban miaka 5.3, hivyo dozi ileile huchukua muda mrefu zaidi.

Kinachoharibu tiba kuliko yote ni kukatisha. Wiki ya 2 au ya 3 ngozi inawiva, kisha inachubuka na kutoa majimaji, na hali huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho. Wengi hudhani wameunguzwa, wanarudi nyumbani katikati, na seli zilizobaki huongezeka kwa kasi. Oshea maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua. Spiriti, plasta na dawa za majani visiguse hapo. Siku iliyokosekana inaweza kufidiwa Jumamosi, au kwa vipindi viwili siku moja vikiachana saa 6 au zaidi.