Baiskeli za umeme mlimani: tuwapishe wanaotembea

Jamani, tunaoendesha baiskeli za mlima za umeme huku Uingereza, tuwajali wanaotembea. Jumamosi nilikuwa Peak District, hifadhi ya vilima huku Uingereza, napanda njia ya mawe, mota inanisukuma. Mbele yangu mzee na mkewe, na mbwa wao kwenye kamba ndefu. Nikapiga kengele mapema, nikashuka, nikaikokota hadi nikawapita. Yule mama akaniambia hakutegemea kabisa baiskeli itokee nyuma yake kwenye mpando.

Hapo ndipo penyewe. Baiskeli ya kawaida ikipanda, mwendeshaji anahema, mnyororo unalia, unaisikia toka mbali. Hii inapanda kimya, tena mbio, na uzito wake mara nyingi ni kilo 20 na ushee.

Sheria ya 1968 iliyoturuhusu kwenye njia za farasi, zile zenye alama ya mshale wa buluu, inatutaka tuwapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Ukiona mshale wa njano, hiyo ni ya waenda kwa miguu tu. Na kisheria mota isizidi wati 250, na iache kusukuma ukifika kama kilomita 25 kwa saa. Wanaozichokonoa ili zikimbie zaidi wananiudhi sana, maana wanatuharibia sote.