Siku Moja ya Mfuga Viwavi, Kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya

Saa kumi na moja alfajiri namulika tochi chini ya vizimba. Kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la oili chafu, maana siafu wakipata upenyo usiku mmoja tu, kazi ya mwezi imekwenda. Leo salama. Mpaka saa tatu ni kukata majani na kuzoa kinyesi cha viwavi.

Saa nne, mtego wa ndizi zilizovunda. Ndani yupo Charaxes blanda! Miaka inapita bila kumwona. Na leo nina mgeni, mwanafunzi kutoka Nairobi aliyesema atakaa dakika kumi.

"Mama, huyu ni nondo. Ona anavyong'ang'ania uozo."

"Huyo ndiye kipepeo, mwanangu."

"Na yule wa kijani kule kizimbani, mwenye mikia mirefu?"

"Yule ndiye nondo."

Akacheka. Ati mrembo vile hawezi kuwa nondo. Nikamwonyesha vipapasio: vya Charaxes vyembamba, ncha zimevimba kama rungu, vya yule wa kijani, Argema mimosae, vimechanua kama unyoya. Hajaridhika. Mbona nondo hapewi ndizi? Kwa sababu hana kinywa cha kulia. Alikula alipokuwa kiwavi, majani ya mng'ongo. Sasa ana siku chache tu za kutafuta mwenzi. Kwa nini basi? Nani alimpangia? Hapo jua limeshapanda, pupa zangu, yaani viwavi waliojifunga kwenye ganda wakigeuka vipepeo, hazijafungwa pamba, na mradi wa Kipepeo kule Gede, unaotuuzia pupa nje, hauwezi kunisubiri: pupa ya kipepeo ikichelewa, huanguliwa njiani, na mnunuzi wa Ulaya hanunui mabawa matupu. Mgeni anataka picha moja zaidi. Charaxes nikamwachia arudi msituni. Mgeni akanuna kama nimemnyang'anya.

Boda ikapata pancha. Nikatembea na boksi kifuani kama mtoto mchanga. Wanaosema tunacheza na wadudu wangekuwepo.

Sijui ni saa ngapi sasa. Viwavi wamekula tena, mgongo unawaka. Kifukofuko cha rangi ya fedha cha nondo wa kijani kimepasuka, ametoka jike, mabawa bado mabichi. Nilidhani nitalala mapema.

Madume wawili wa msituni wameshafuata harufu yake, wanagonga neti kwa nje.