Homa ya huku na homa ya Muheza

Mwanangu alipopata homa ya kwanza hapa Leicester, Uingereza, mwezi wa Januari, kipimajoto kilisoma 39.4. Nikamvisha majaketi mawili, nikamviringisha blanketi, teksi moja kwa moja hadi hospitali. Nimekulia Muheza, Tanzania, mimi. Kule homa ya mtoto haijadiliwi: atolewe damu apimwe malaria, maneno baadaye.

Tulikaa masaa matano. Nesi akamvua yale majaketi yote. Daktari akamwangalia masikio na koo, akamchekesha, akacheka. Ni virusi, akasema, mpe dawa ya maji ya paracetamol, mnyweshe sana, rudini nyumbani. Damu hata tone! Nikamwambia nimeshamkanda na maji ya vuguvugu kama mama alivyonielekeza kwa simu. Akasema siku hizi hawashauri hivyo. (Hilo sikumfikishia mama.)

Nilinuna wiki nzima, lakini baadaye nilielewa wanachotazama. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3, ikifika 38 usingoje, hata kama ananyonya vizuri. Miezi 3 hadi 6, ni 39. Akishavuka hapo, mtazame mtoto mwenyewe kuliko namba. Anakunywa? Nepi zinalowa? Ukimwita anageuka? Homa ikishuka, anacheza? Ukiwa na wasiwasi usiku, piga 111, simu ya ushauri wa afya. Homa ikifika siku ya tano, apelekwe. Akipumua kwa shida, akilegea haamki vizuri, au akipata degedege kwa mara ya kwanza, ni 999, simu ya dharura.

Na vipele: bonyeza ubavu wa glasi ya kioo juu yake; visipofifia, ni dharura. Ila kwenye ngozi zetu vipele havionekani kirahisi, kwa hiyo kagua viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa. Usingoje vipele vitokee kama mtoto anazidi kuzorota.

Basi nikawa mjuzi. Agosti tukaenda Muheza wiki tatu. Siku ya kumi baada ya kurudi, homa. 38.3 tu, na mtoto anasukuma gari lake sebuleni. Baba yake akasema, "Mama Salum, si ulishafundishwa? Mwache alale."

Nusura nikubali. Lakini hayo masomo yote ni ya mtoto ambaye hajasafiri nje ya Uingereza. Salum amezaliwa hapa, hana kinga ya malaria hata kidogo. Hata sisi tuliougua utotoni, kinga hupungua tukikaa mbali miaka. Na malaria haikupi muda: asubuhi anacheza, jioni hajiwezi.

Mapokezi waliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mzio. Safari, hakuna aliyeuliza. Nikasema mwenyewe, na nikarudia kwa nesi na kwa daktari: tumetoka Tanzania, eneo la malaria, siku kumi zilizopita, naomba apimwe leo. Wanashauri useme hivyo hata kama umepita mwaka mzima tangu urudi. Majibu yakatoka siku ileile: anayo. Tukalazwa.

Usiku nikampigia mama. "Shikamoo mama, Salum ana malaria, ila ameanza dawa."

"Marahaba. Dawa gani?"

Nikamsomea kwenye boksi.

"Si mseto huo huo wa huku kwetu?" akasema. "Mwanangu, umepanda ndege kote huko kwenda kunywa mseto?"