Mzigo Usiofungwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii linatoka 1 Petro 5:7: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Naomba mlisome polepole, mkae kidogo kwenye hilo neno "mkimtwika". Nitalirudia.

Kwanza niwasimulie jambo ambalo halijanitoka moyoni tangu mwaka jana.

Ilikuwa Septemba, wiki ya mtihani wa darasa la saba. Walimu wakuu wenzangu mliomo humu mnaijua wiki hiyo. Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya mtihani, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa ofisi. Alikuwa na mtoto mgongoni. Kabla ya kuingia alivua kandambili zake, akazipanga vizuri pembeni mwa kizingiti. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nina neno kuhusu binti yangu wa darasa la sita. Nilitaka tuwe wawili tu." Mimi simu iko sikioni, karatasi ya mpangilio wa madawati iko mkononi, mwalimu wa zamu ananiita kutoka uwanjani kwamba tenki la maji limekauka. Nikamjibu, "Mama, njoo keshokutwa, tutaongea vizuri." Akaitikia, "Haya, mwalimu." Akavaa kandambili zake, akaenda.

Keshokutwa hatukuonana, nami nikasahau. Nilisahau kabisa, mpaka wiki ya pili ya Oktoba nilipokuwa napitia daftari la mahudhurio la darasa la sita na kukuta jina moja lina alama za utoro mfululizo, mstari mzima. Mwalimu wa darasa hakuwa ameshtuka, maana huku kwetu Newala msimu wa korosho ukifunguka watoto wengi huenda mashambani kuokota, kisha hurudi. Nilishtuka mimi, kwa sababu nilizikumbuka zile kandambili. Tulipofuatilia tukaambiwa binti amepelekwa Lindi kwa ndugu, anafanya kazi za ndani.

Wapendwa, wiki ile sikuwa mzembe. Mitihani ilipokelewa salama. Uji wa watoto ulipikwa. Taarifa ya mwezi niliipeleka kwa wakati, na Jumapili nilisimama kanisani nikasoma matangazo ya umoja wa akina mama bila kuruka hata moja. Nilikumbuka vitu vyote, nikamsahau mtu. Tangu hapo nimeacha kuuita msongamano wa kichwani "uchovu wa kazi" tu. Kwa kiongozi ni jambo la kiroho, kwa sababu kelele ikizidi ndani, sauti ya kwanza kuzama ni ile inayosema polepole.

Daudi alikuwa mfalme, naye aliijua hali hii. Zaburi 13:2 inasema, "Hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, nikihuzunika moyoni mchana kutwa?" Kufanya mashauri nafsini! Kila nikiusoma mstari huo naona kikao. Kikao kinafanyika kichwani, hakina ajenda, hakina mwenyekiti, na hakuna anayeandika muhtasari. Sisi tunaokaa vikao kila wiki tunajua mwisho wake: jambo likijadiliwa leo bila kuandikwa, kikao kijacho litarudi upya kama halijawahi kusemwa. Ndivyo ilivyokuwa usiku kwangu. Saa nane naamka, choo cha wasichana kinajadiliwa. Saa tisa, choo kile kile kinajadiliwa tena, na hoja ni zile zile.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa vijana 57. Waliwaomba waandike kwa dakika 5 kabla ya kulala. Wengine waliandika kazi walizokwisha kuzimaliza, wengine kazi zinazowasubiri. Wale walioandika zinazowasubiri walipata usingizi mapema zaidi, tofauti ya wastani wa kama dakika 9, na kadiri walivyoandika kwa kina ndivyo usingizi ulivyowahi. Mimi ningedhani kinyume, kwamba kuziorodhesha kazi usiku ni kuziamsha. Kumbe kilichoandikwa akili hukiachia.

Sasa turudi kwenye kutwika. Sisi tuliokulia huku juu tumebeba kuni na maji tangu utoto. Kuni hazibebwi zikiwa zimetapakaa. Unaziokota, unazipanga nene kwa nyembamba, unazifunga kwa kamba ya gome la mti huku umeukandamiza mganda kwa goti, unaweka ngata kichwani, ndipo unamwita mwenzako: "Njoo unitwishe!" Hakuna mtu anayeweza kukutwisha kuni ambazo bado ziko chini moja moja. Atakuangalia tu. Miaka mingi mimi nilikuwa naomba, "Bwana, nakukabidhi mizigo yangu yote," halafu nainuka na mizigo yote. Niliyataja mafungu ambayo sikuyafunga. "Yote" ilikuwa neno la kukwepa kuangalia ni nini hasa.

Kuandika ndiyo kamba. Na msidhani hili ni jambo lililokuja na kalamu za Wazungu. Mjerumani Karl Weule alipokaa hapa Newala mwaka 1906, aliandika habari za mwanamume wa Kimakonde anayejiandaa kusafiri. Bwana yule alimwachia mkewe kamba yenye mafundo 11. Fundo la kwanza ni leo anapoondoka, fundo la tano ni siku ya kufika aendako, la saba anaanza kurudi. Kila siku mke afungue fundo moja, na likifika la kumi apike, maana la kumi na moja mumewe yupo nyumbani. Fikirini amani ya mama yule. Hakuhitaji kuzibeba siku zote 11 kichwani kwa pamoja. Zilikuwa kwenye kamba, naye alishughulika na fundo la leo.

Mimi nilianza Novemba, kwa kaunta buku ya kawaida, ile ya kuandikia hesabu za duka. Adhana ya alfajiri ikisikika kutoka msikiti wa jirani huwa nimeshaketi na taa yangu ya sola. Ukurasa wa kwanza nilijaza mambo 23, bila mpangilio, unga wa uji ukiwa karibu na barua ya ofisi ya elimu, na ada ya kijana wangu karibu na madeni ya sare za kwaya. Nilipomaliza niliogopa kuuangalia.

Hapo ndipo Hezekia alinisaidia. Mfalme wa Ashuru alikuwa ameuzingira Yuda, akamletea waraka wa vitisho. 2 Wafalme 19:14 inatuambia Hezekia aliupokea, akausoma, kisha akapanda nyumbani kwa BWANA, "akaukunjua mbele za BWANA." Napenda mpangilio huo. Aliusoma kwanza, mwenyewe, wote. Hakuupeleka hekaluni ukiwa umefungwa akamwambia Mungu "Wewe unajua". Mungu alijua, ndiyo. Lakini Hezekia naye alipaswa kujua anachokiombea. Kisha akaukunjua, karatasi wazi, akamwomba Bwana ategee sikio, afumbue macho aone.

Basi nami nikaliweka daftari kitandani likiwa wazi, nikapiga magoti, nikalisoma kwa sauti mstari kwa mstari. Na mambo yalianza kujitenga yenyewe. Kuna yaliyosikika madogo nilipoyatamka. Kuna ambayo si yangu: nilihesabu 9 ambayo mtu mwingine angeyafanya vizuri kuliko mimi, tena alikuwa anasubiri tu kuambiwa. Nikaandika jina la mtu pembeni ya kila moja, nikamkumbuka Yethro alivyomwonya Musa katika Kutoka 18 kwamba atajichosha yeye na watu pia. Na kuna ambayo hakuna binadamu wa kuyafanya, mvua kwa mfano. Hayo niliyawekea msalaba mdogo, nikayaacha kwa Mwenyewe.

Lakini kilichonifungua macho zaidi kilikuja baada ya wiki mbili hivi. Niliona neno "kwaya" limejirudia karibu kila siku. Kwaya ilikuwa inaimba vizuri, sare zimeshalipwa. Kwa nini naiandika? Asubuhi moja nilijilazimisha kuendelea na sentensi hiyo badala ya kuhamia nyingine, na mkono ukaandika kitu ambacho mdomo wangu haukuwa umekisema: kwamba mwenzangu mmoja katika uongozi alinijibu vibaya mbele ya waimbaji, na sijamsamehe. Miezi minne! Miezi minne nilikuwa nauita uchungu ule "shughuli nyingi". Nilipanga vikao vya kwaya, nikaahirisha, nikapanga tena, kumbe nilikuwa namkimbia mtu mmoja. Nilimwendea Jumamosi ile. Tulikaa chini ya mkorosho wa uani kwake, akaniletea chai, na yeye ndiye aliyeanza kulia.

Kwa hiyo nawasihi, lile neno linalojirudia kwenye daftari lenu msiliruke. Kaeni nalo. Mara nyingi si kazi. Ni kidonda.

Mambo mawili ya tahadhari, kwa haraka. Kiongozi anaaminiwa siri za watu, na daftari si mahali pa siri za watu; mimi huandika herufi moja tu au alama ninayoielewa mwenyewe, na daftari lenyewe hulala sandukuni lenye kufuli. La pili, tumieni karatasi mkiweza. Simu ni chombo chema, lakini uking'ang'ana kuandika humo, ujumbe wa kikundi utaingia na utajikuta unajibu habari za mchango wa harusi kabla hujafika mstari wa tatu.

Na kwa wazee wetu ambao kalamu si rafiki yao, kamba bado ipo. Mama mmoja wa jumuiya yetu nilimweleza habari hii ya daftari, akacheka, akanionyesha pindo la kanga yake. Amepiga mafundo matatu. Akigusa fundo, anataja jina, anaomba. Ameniambia anafungua fundo pale tu anapokuwa ameenda kumwona mtu huyo kwa miguu yake.

Yule binti bado yuko Lindi. Tumezungumza na familia mara mbili, afisa mtendaji wa kijiji anasaidia, na mama yake sasa huja ofisini bila kusubiri mlangoni. Jina lake linakaa mstari wa kwanza wa kila ukurasa, kabla ya unga, kabla ya barua.

Tuombe. Nitasoma ukurasa wangu wa asubuhi ya leo kama ulivyo, nanyi mfunue wa kwenu.

Bwana, nakukunjulia haya. Matundu mawili ya choo hayajapauliwa na mvua za Desemba zinakaribia. Fundi anataka nusu ya fedha kwanza. Walimu wawili hawasalimiani. Likizo inakuja na unyago, nawe unajua ni mabinti wangapi nitawakuta Januari. Mume wangu anakohoa, nami sijamuuliza analalaje. Nimechoka, na nimekuwa mkali kwa watoto wa darasa la tatu ambao hawakukosea. Kijana wangu anahitaji ada kabla ya tarehe 15. Na yule mtoto aliye Lindi, Bwana, leo ameamka saa ngapi, na nani amemwita kwa jina lake? Alhamisi nimepanga kupanda gari la asubuhi kwenda kumwona. Nitwishe hilo moja. Mengine naomba uyabebe Wewe.

Amina.