Nilivyozisoma barua za Bibi Mwalimu mbele ya wanafunzi wake

Mama yangu mkubwa alisoma shule ya wasichana ya kanisa, upande wa Mvumi, Dodoma. Mwalimu wake alikuwa Mwaustralia ambaye wazee mpaka leo wanamwita Bibi Mwalimu. Wamisionari wengi wa huku walitoka Australia tangu Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanza mwaka 1927, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Nilichotaka kujua ni jinsi mwanamke mgeni, peke yake, alivyoimudu Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, Tanzania ilipokuwa inageuka: maasi ya jeshi Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, kisha shule za kanisa kuingia mikononi mwa serikali.

Mpwa wake nilimpata kupitia watu wa kanisa. Akaanza kunitumia kwa WhatsApp picha za barua za maombi, zile zilizokuwa zikinakiliwa na kugawiwa waumini wa kwao. Zilinichosha. Ni mvua, ubatizo na shukrani, basi. Mtu anayeishi ugenini kwa kibali haandiki siasa kwenye karatasi itakayosomwa na parokia nzima. Nikamwuliza kama mama wa Bibi Mwalimu alikuwa hai miaka ile, na kama alitunza alichoandikiwa. Alitunza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Zilikuwa karatasi nyembamba za buluu, zile zinazokunjwa zikawa bahasha, na maandishi yamebanana mpaka pembeni penye gundi. Nyingi zina siku na mwezi bila mwaka. Nikamwomba mpwa apige picha na upande wa nje, nikaanza kusoma mihuri ya posta. Penye muhuri uliofutika niliangalia stempu: yenye jina Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya 1964, maana jina lenyewe lilipitishwa Oktoba mwaka huo.

Barua ya mwisho wa Januari 1964 ni fupi. Wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, walikuwa wameasi tarehe 20, na tarehe 25 askari wa Uingereza wakatua kwa ombi la Mwalimu Nyerere mwenyewe. Bibi Mwalimu anamwambia mama yake asisikilize redio sana, Dodoma ni shwari, shida ni maji tu.

Nilikwenda nayo kwa mama mkubwa, ambaye alikuwa amekaa na wenzake wawili waliosoma naye. Nikawaamkia, "Mbukwenyi," nikakaa, nikawasomea kwa Kiswahili taratibu. Mmoja wao, aliyekuwa akifagia chumba cha mwalimu, akacheka. "Shwari? Mwanangu, sanduku lake la bati lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kamba ya katani, nguo zote ndani. Kila asubuhi alitoa gauni moja, jioni analirudisha." Sanduku hilo halimo katika barua hata moja.

Tangu siku hiyo nimeendelea hivyo hivyo. Nasoma barua, nanyamaza, wao wanajaza. Nikiwauliza moja kwa moja, "Azimio la Arusha mlilipokeaje?" napata majibu ya mkutano wa hadhara. Nikiuliza mwaka ule mlilima nini, ni mtoto gani alizaliwa, mvua zilikuwaje, mambo yanamiminika.

Kwa mfano, Elimu ya Kujitegemea. Machi 1967 Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wafanye kazi. Bibi Mwalimu analalamika kwa mama yake kwamba asubuhi nzima imepotea wakifukuza kweleakwelea kwenye uwele, na mtihani umekaribia. Mama mkubwa anasema wao walishangilia, hesabu zilikuwa zimewashinda. Tena anasema aliyetangulia shambani, anapiga debe kwa fimbo na kofia imelalia sikio, alikuwa huyo huyo mlalamikaji. Mimi nawaamini wote. Angekuwa mtu wa kupinga serikali, au mtu wa kuishangilia, kazi yangu ingekuwa rahisi zaidi na hadithi ingekuwa mbovu.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozikabidhi shule serikalini, alibaki kama mwalimu wa kawaida chini ya mkuu Mtanzania. Kwenye barua anaandika mstari mmoja: sasa ana muda wa kulala. Wazee wanasema aliomba funguo za stoo zikabidhiwe mbele ya wanafunzi wote, gunia kwa gunia, asije mtu akasema mahindi yalipungua.

Bado kuna Operesheni Dodoma, ya 1970 na 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wazee wanayo mengi ya kusema kuhusu kuziacha tembe zao, zile nyumba za paa la udongo, nimeyarekodi. Barua za miaka hiyo mpwa anasema ziko kwa dada yake. Nimemwandikia dada huyo, alama za buluu zimetokea, jibu bado.